Gemu ya Matofali na Majani ya Mama

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, ambayo ningependa kuisahau, lakini kumbukumbu haina adabu: hutupotezea majina ya watu waliotufaa, kisha aibu zetu ikazitunza kama nguo za Sabato. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na nilikuwa nimepata alama za kunipeleka chuo kikuu, ila siku hizo ukishapita mtihani ulikaa nyumbani karibu miaka miwili ukingoja kuitwa. Nyumbani ni juu ya Kebirigo, pale kilima kinapopanda kama kimekasirishwa na mtu. Kijiji kizima kilikuwa tayari kinaniita Profesa. Tangu hapo nimefundisha chuoni hadi mvi zimenijaa, na kazini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniita hivyo. Cheo nilichopewa na wachuma chai ndicho cha juu kabisa nilichowahi kupata.

Nitakusimulia, lakini univumilie nikitua njiani. Nimechoka. Sisemi hivyo ili unionee huruma. Uchovu wenyewe ndio ulionirudisha kwenye kisa hiki. Mwezi uliopita daktari alinifunga ule mkanda wa mkononi wa kupima presha, akatazama namba, akanifunga tena, kama mnunuzi asiyeiamini mizani. Aliniuliza ninapumzika lini. Nilifungua shajara yangu nimwonyeshe. Jumatatu mpaka Ijumaa imejaa vipindi na vikao. Jumamosi kanisa na kamati ya kanisa. Jumapili mazishi, na kama hakuna mazishi, mkutano wa kupanga mazishi. Daktari akazitazama zile kurasa nyeusi kwa wino, akasema, "Mwalimu, hapa hata sindano haipiti." Nami, mjinga wa kuzeeka, nilijisikia fahari kidogo.

Akaniamuru nipumzike juma zima. Nikaenda kwa mama. Na huko, nikitafuta blanketi ndani ya sanduku la bati nililokwenda nalo shule ya bweni, mkono wangu ukagusa kidude cha plastiki cha rangi ya kijivu, kikubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia. Nilikitambua kwa vidole kabla ya macho.

Kama hukukulia zama hizo, nikueleze. Ilikuwa gemu ya mkononi. Juu ina kioo kidogo cha kijivu, chini vibonyezo vya manjano. Matofali yanashuka kutoka juu moja moja: mengine marefu kama ufito, mengine yamepinda kama goti, mengine mraba. Kazi yako ni kuyageuza na kuyapanga yasiache pengo. Mstari ukijaa wote, unafutika, unapata pointi. Ukiacha pengo, mstari unabaki, na mingine inarundikana juu yake. Na kadiri unavyofaulu ndivyo yanavyoshuka kwa kasi zaidi. Ni hayo tu. Hakuna hadithi, hakuna mshindi. Nilikinunua mjini Kisii, kwa mshahara wangu wa kwanza wa kufundisha bila kusomea ualimu, katika duka la mzee mmoja wa Kihindi aliyeuza redio na nyuzi za cherehani. Alinitazama nikikipapasa, akasema, "Kijana, hii kitu inakula betri kama mbuzi." Alikuwa muungwana kuniambia habari za betri. Kingine kilichokuwa kikiliwa hakukitaja.

Basi nilicheza. Nilicheza nikichunga ng'ombe, nikacheza chooni siku ya Sabato sauti ikiwa imezimwa. Ilifika mahali nikiwa kanisani nawatazama akina mama kwenye mabenchi, naona pengo kati ya wawili, natamani mama fulani mnene angeshuka kutoka juu akalijaza. Usicheke. Au cheka; mimi mwenyewe nimecheka.

Mwaka huo huo mama yangu alipasuliwa tumbo. Alitoka hospitali akiwa mwepesi kama ganda la hindi, akakatazwa kuinua kitu chochote kizito kwa miezi kadhaa. Na chai, mwanangu, haijui kuna mgonjwa nyumbani. Isipochumwa kwa wakati inakua, inakomaa, inakuwa majani ya mbuzi. Kwetu wanawake walikuwa na kikundi, egesangio, wanane kwa idadi bila kumhesabu mama: leo wote wanachuma shambani kwako, siku nyingine kwa mwenzako, mpaka zamu zizunguke. Sheria yake ilikuwa moja: hupati zamu kama hukuchuma kwa wenzako. Mama alikuwa hajachuma kwa mtu kwa muda mrefu. Kwa sheria, hakuwa na zamu.

Aliyeongoza kikundi hicho alikuwa Bosibori, mjane aliyeshinda wote kwa umri, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza. Aliwaambia wenzake kwamba mtu aliyepasuliwa tumbo halipi zamu, apewe tu. Wawili walinung'unika. Mmoja alisema waziwazi kwamba wakianza hivyo kila mtu atapata tumbo la kupasuliwa. Bosibori akasema, "Tuchume. Mkiona tumepata hasara, siku hiyo mtanifundisha." Ndivyo mama alivyopata Jumatatu yake. Yeye alijua vizuri imesimama juu ya nini: mambo yakienda vibaya, walionung'unika wangekuwa wamesema kweli, na huenda chai yake isingeguswa tena mpaka apone. Aliniambia asubuhi ile, akinifungia mkanda wa begani kana kwamba ninakwenda vitani, "Mwanangu, wao watachuma. Wewe kazi yako ni kubeba tu. Usiniangushe kwa kubeba."

Kubeba kulikuwa hivi. Wanawake wakijaza vikapu, unayamwaga majani kivulini, unayatandaza, unayageuza. Kisha unayapeleka kituoni yanakopimwa, kikapu kimoja kimoja, yakiwa yamelegea. Kituo kiko ng'ambo ya kijito, unashuka kilima na kupanda kingine. Nilipiga hesabu: safari sita. Safari sita za kupanda na kushuka, na mfukoni nina kidude ambacho Ijumaa kiliniacha pointi chache tu kabla ya kuvunja rekodi yangu.

Ndipo akili ya Profesa ikafanya kazi. Nyumbani kulikuwa na magunia mawili makubwa na toroli ya gurudumu moja. Nikajiuliza, kwa nini watu hawa wanabeba hewa? Kikapu kilicholegea nusu yake ni upepo! Nikaanza kupakia. Nilianza pembeni kama ninavyoanza kwenye gemu, nikasukuma majani kwenye kona, nikaziba kila tundu, nikakanyaga kwa miguu, nikaongeza, nikakanyaga tena. Majani ya vikapu sita yaliingia kwenye magunia mawili yaliyosimama wima kama mapipa. Hakukuwa na pengo la kuingiza kidole. Niliyatazama nikajipenda. Haraka haraka haina baraka, nilikuwa nikiimbishwa shuleni, lakini mimi nilidhani methali hiyo ilitungwa na watu wasio na toroli.

Ilikuwa saa tano. Karani wa kituo hufika saa tisa. Nikayaacha magunia chini ya migomba, nikaketi juu ya mojawapo, nikatoa kidude.

Sijawahi kucheza vile, mwanangu, kabla ya hapo wala baadaye. Matofali yalishuka kama mvua ya mawe na mimi nikayapokea yote. Mistari ilifutika miwili miwili, mitatu mitatu. Nilivunja rekodi yangu nikaiacha nyuma. Mara mbili nilisikia joto likipanda chini ya makalio yangu, nikadhani ni jua. Kwa mbali nilimsikia mama akiita kutoka mlangoni, "We! Umeyageuza?" Nikajibu, "Tayari!" bila kuinua macho. Nakuomba ulikumbuke neno hilo.

Saa tisa nilisukuma toroli mpaka kituoni, safari moja, nikipiga mluzi. Karani tulisoma naye shule ya msingi, nikampita katika kila mtihani, na nadhani alikuwa akiisubiri siku hiyo. Kabla ya kupima alikuwa na desturi ya kutumbukiza mkono ndani ya gunia mpaka kwapani. Akatumbukiza. Akautoa kama aliyeumwa na nyigu.

"Profesa," akasema, "haya ni majani ama ni ugali?"

"Ni majani ya mama. Yamechumwa leo asubuhi."

"Kuchumwa yamechumwa. Ninauliza nani ameyapika."

Akayamwaga mezani. Juu yalikuwa ya kijani, mazuri, majani mawili na kichipukizi, jinsi wanawake wale walivyojua kuchuma. Lakini katikati yalikuwa mekundu, yamelowa, yananuka kama mboga iliyosahauliwa jikoni. Gunia la pili lilikuwa baya zaidi, kwa kuwa ndilo nililolikalia. Mzee mmoja kwenye foleni akasema, "Mwacheni kijana, pengine chuo kikuu chai huivia ndani ya gunia." Watu wakacheka, na karani akafuta mkono wake kwenye suruali, akasema majani hayo hayapandi lori, niyaondoe yasichafue ya wenzangu.

Wakati huo wanawake wanane walikuwa wakipanda kutoka kijitoni. Walikuwa wamenawa, wamevua aproni zao za nailoni, wanakuja kushuhudia jasho lao likipimwa, kama ilivyo desturi. Wale wawili waliokuwa wamenung'unika walitangulia. Waliitazama meza. Kila mmoja akachota konzi ya yale mekundu, akamwonyesha Bosibori.

Bosibori akanishika kifundo cha mkono, akauingiza mkono wangu katikati ya lile rundo.

"Unasikia nini?"

"Moto."

"Nani ameuwasha?"

Nikajaribu kuutoa mkono; akaurudisha.

"Jani likikatwa halifi siku hiyo, mura," akasema, akiniita kijana kwa lugha yetu. "Linapumua mpaka kiwandani. Wewe umeliziba pua."

"Mama, sikutaka nafasi ipotee," nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo, mbele za watu, nikiwa na cheti cha kidato cha nne.

"Nafasi ile haikuwa yako," akasema. "Ilikuwa ya majani."

Niliyarudisha yote nyumbani kwa toroli, nikayamwaga chini ya migomba yawe mbolea. Mama alikuwa ameketi kizingitini, mkono mmoja umeshika tumbo. Aliona magunia yamerudi, akaelewa. Nilisubiri anigombeze; kugombezwa kungenipunguzia deni. Aliniuliza tu, "Wale wanawake walikula?" Nikasema walikula. Akatikisa kichwa taratibu. "Basi kesho nenda kwa Bosibori kabla yeye hajaja kukutafuta." Akaingia ndani, akajilaza, akageukia ukutani.

Nilikwenda alfajiri. Nilimkuta akikamua ng'ombe, na hakuacha kukamua.

"Bwakire, Mama," nikamwamkia.

"Umekuja kuomba msamaha?"

"Ndiyo."

"Msamaha haujazi kikapu. Unajua kuchuma?"

"Najua kidogo."

"Utajua sana. Utachuma badala ya mama yako mashamba yote manane. Zikizunguka zamu, na yeye tutamchumia. Wale wawili nimeshawaambia. Wamekubali kwa sababu wanataka kukuona ukiwa umevaa aproni."

Na walinivalisha, mwanangu. Mwanamume mzima, aliyetahiriwa, anayengoja chuo kikuu, nikasimama kati ya wanawake wanane na aproni ya nailoni yenye maua. Vijana wenzangu walipita barabarani makusudi. "Profesa, umehitimu?" Wanawake nao hawakunionea huruma: "Hilo ni jani la tatu, hesabu zako ziliishia wapi?" Mgongo ulinikatika. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye, na Bosibori hakuwa na nia ya kulia.

Jambo moja lilinishangaza. Wanawake wale, wenye kazi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, walikuwa wakisimama. Katikati ya asubuhi Bosibori alipiga makofi mara moja, na wote wakaacha, hata aliyebakiza konzi moja kujaza kikapu chake. Wakaketi penye majani, wakayatandaza na kuyageuza huku wakipiga soga, chai ikapita kwenye vikombe vya bati. Hakuna aliyesema, "Nimalizie kidogo." Mimi nilisema siku ya kwanza. Wakanicheka mpaka nikaketi.

Katika shamba la tatu, wakati wa mapumziko hayo, Bosibori akaninyooshea mkono. "Lete hicho kidude kilichokula majani yetu. Nikione meno yake."

Nilikitoa, nikakiwasha. Akakiangalia kwa jicho moja, kama anayetazama ndani ya chungu. Nikamweleza.

"Ngoja," akasema. "Ukipanga vizuri, kazi yako inafutwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ukikosea, kosa linabaki kukutazama?"

"Ndiyo."

"Na ukizidi kupanga vizuri, unaongezewa haraka?"

"Ndiyo."

"Mwisho wake ni nini?"

"Hauna mwisho. Unacheza mpaka ushindwe."

Akawageukia wenzake. "Yaaya! Hii si gemu. Hii ni ndoa yangu." Wakaangua kicheko, mmoja akamwagikiwa na chai.

Alikuwa akibonyeza hovyo kwa kidole gumba chenye rangi ya utomvu wa chai. Ghafla matofali yakasimama hewani. Kimuziki kikakatika. Na kwenye pembe ya kioo kikatokea kipicha ambacho mimi nilikuwa nimekiona labda mara mbili katika maisha yangu: kikombe kidogo, kinafuka mvuke.

"Na hiki?" akauliza.

"Ni cha kusimamisha, Mama. Ukibonyeza hapo, kila kitu kinangoja mpaka urudi."

"Hupotezi chochote?"

"Hupotezi."

Akanirudishia kidude kile. Kicheko kilikuwa kimeisha usoni mwake.

"Kwa hiyo siku ile, mama yako alipokuita, kikombe hiki kilikuwamo humu ndani?"

"Kilikuwamo."

Alisimama, akapiga makofi, wote wakarudi kazini. Mimi ndiye niliyechelewa kuinuka.

Zamu zilizunguka. Ilipofika ya mama, niliyabeba majani kwa safari saba, moja zaidi ya zile nilizozikwepa, yakiwa yamelegea kiasi kwamba upepo uliiba machache njiani. Karani akatumbukiza mkono, akauzungusha, akautoa. Alikuwa na uso wa mtu aliyenyimwa mzaha wake. Akapima. Wale wawili walikuwapo. Mmoja alimwambia mama, "Mwanao anachuma vibaya, lakini anachuma." Mama alicheka huku ameshika tumbo, na huo ulikuwa mcheko wake wa kwanza tangu hospitali.

Ningetaka kukuambia kwamba nilijifunza siku hiyo, nikaishi kwa hekima. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa mahututi kwa miaka mingi. Nilikwenda chuo, nikapata kazi, nikaanza kuyashindilia maisha yangu kama nilivyoyashindilia magunia yale. Kila pengo nililoliona nililiziba: kamati hapa, makala pale, semina Nakuru, harusi Nyaramba. Nje nilikuwa wa kijani. Watu walinisifu, mwalimu yule hachoki. Hakuna aliyetumbukiza mkono mpaka yule daktari na mkanda wake.

Sasa rudi nami mwezi uliopita, kwenye sanduku la bati. Betri za zamani zilikuwa zimevimba na kuvuja. Nikazikwangua, nikaweka mpya. Kikawaka! Kimuziki kilekile. Nikaketi kitandani nikaanza kucheza, na vidole vilikumbuka vizuri kuliko kichwa. Mstari, mstari, mistari miwili. Simu ilikuwa ikitetemeka kando, kamati fulani, sikuigusa, na nikadhani huko ndiko kupumzika.

Mama akaita kutoka jikoni. Sasa amepita miaka themanini na sauti yake imekuwa nyembamba. "Chai imeiva!"

"Naja!" nikajibu, bila kuinua macho.

Nilisikia neno langu mwenyewe likirudi kutoka ukutani. Lilikuwa ndugu wa lile "Tayari" la chini ya migomba. Na nje nikasikia hatua zake: alikuwa ameamua kuniletea mwenyewe, mikono inamtetemeka, kikombe kinagonga sahani kila hatua, anavuka ua wenye utelezi. Matofali yalikuwa yakishuka kwa kasi na nilikuwa karibu kujaza mistari minne kwa mpigo.

Nikabonyeza. Matofali yakasimama hewani. Nikatoka mbio, nikampokea kikombe kabla hajafika kwenye ngazi.

"Ni kile kidude?" akauliza, kwa kuwa nilikuwa nimekishika bado.

"Ndicho."

"Kinaonyesha nini?"

Nikamwinamishia kioo. Macho yake hayaoni vizuri, lakini aliona. Bosibori alikuwa amemsimulia zamani, na Bosibori tumeshamzika. Mama akapitisha kidole juu ya kile kipicha. "Kumbe kinafuka kweli," akasema. Tukaketi nje, tukanywa chai mpaka ikaisha. Niliporudi ndani betri zilikuwa zimekwisha. Sikuweka nyingine.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na nimeilipia. Usiyakanyage maisha yako mpaka kisiingie hata kidole. Pengo unaloliona kati ya kazi na kazi si uzembe. Ndipo siku inapopumulia, na ukiliziba utaendelea kuonekana wa kijani huku katikati unaungua. Ukiharibu jasho la wenzako, nenda kwao kabla hawajakutafuta, uvae aproni watakayokupa, hata ikiwa na maua. Na akikuita mtu anayekupenda, usimjibu "naja" huku macho yako yako kwingine. Simamisha. Matofali yatangoja. Anayekuita hatangoja daima.

Mungu akupe kilima usichokwepa kukipanda, na wenzako wa kupiga makofi kukwambia keti. Majani yako yafike yakiwa yanapumua. Na siku mkono wa mtu utakapotumbukizwa ndani yako kukupima, ukute ubaridi, ukute upepo, utoke bila neno. Nenda sasa, mwanangu. Kuna mtu anakuita.